Bahasha ya Kumi na Saba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Darasani asubuhi, wodi ya mahututi mchana, fomu za utafiti jioni. Mtu mmoja! Leo niliwafundisha wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu kumlaza mgonjwa wa mapafu kifudifudi. Nikanogewa, nikapanda mezani nikalalia tumbo. Darasa lote kicheko. Nikawaambia hewa inaingia vizuri, mtaona wenyewe. Fatsani aliandika kila neno — binti huyo hata nikikohoa anaandika.

Nje chiperoni tu, manyunyu yasiyokoma. Nguo hazikauki.

Jumatano, 10 Julai

Mama yake Fatsani kalazwa kwetu. Nimonia, mapafu yote mawili. Anauza mandasi, maandazi ya huku kwetu, sokoni Ndirande, mnene, mdomo haulali. Oksijeni ya damu asilimia themanini na tisa, nasi tunataka tisini na kitu, lakini bado ananitania chini ya barakoa: kumbe ndiye wewe madam unayepanda meza? Nimempenda papo hapo. Kosa hilo.

Anafaa kuingia kwenye utafiti wetu. Nusu ya wagonjwa tunawalaza kifudifudi, nusu kama kawaida, chali na mito. Anayeamua ni bahasha iliyofungwa, si mimi. Mama akatia sahihi fomu ya kukubali bila kusita. Fatsani akanivuta pembeni: Madam, tufungulie ile nzuri. Nikamwambia hakuna nzuri, bado hatujui, ndiyo maana tunatafiti.

— Lakini Jumatatu ulisema inasaidia!

Darasani najua, kwenye utafiti sijui. Na mdomo ni huu huu mmoja.

Nikafungua ya kumi na saba. KAWAIDA.

Alhamisi, 11 Julai

Themanini na sita. Mashine za kupumulia ni nne, zote zina watu. Nikampigia Dakta Kumwembe, mkuu wa utafiti, kumwomba tumgeuze. Akasema tukimgeuza kila tunayemwonea huruma, hatuna utafiti, tuna huruma tu. Yuko sahihi. Nilimchukia hata hivyo.

Mgonjwa anaweza kujitoa wakati wowote, imeandikwa kwenye fomu. Ila mimi siruhusiwi kumshawishi. Nikaenda nikasimama karibu na kitanda, nikajifanya napanga mito. Mito! Nilimsikia Fatsani akimbembeleza: Mama, jitoe, sema neno moja tu. Mama akapumua, akapumua tena, ndipo akajibu. Nimeshaweka sahihi, mwanangu. Nimwaibishe mwalimu wako mbele ya madaktari? Kesho akufelishe?

Mungu wangu. Ananistahi! Nilitaka kupiga kelele: niaibishe, mama, niaibishe hata leo. Nikanyoosha shuka, nikaondoka.

Nyumbani sahani ya nsima, ugali wetu, imenishinda kula.

Ijumaa, 12 Julai

Themanini na mbili. Tangu alfajiri hajitambui vizuri, anamwita marehemu dada yake. Sasa hata kujitoa hawezi kusema.

Saa nne nilifika na fomu yangu. Fatsani alikuwa ameshatoa mito yote, kaiweka sakafuni. Mikono chini ya bega la mama yake, sawasawa kama nilivyofundisha, mrija wa oksijeni kaushika kwa kidole gumba. Hakuniangalia. Akasema: Madam, nishikie miguu.

Fomu ina swali, je, mgonjwa aligeuzwa? Ndiyo, hapana. Dakta Kumwembe anakuja saa tisa kuzikusanya.

Nilishika miguu. Ilikuwa baridi, mizito. Tukahesabu hadi tatu, tukageuza.

Sasa ni saa sita na nusu, naandika kwenye kiti kando ya kitanda, fomu mapajani, lile swali bado sijalijibu. Oksijeni themanini na tatu. Imepanda moja! Moja — ni kwa sababu tumemgeuza? Au kipimo kimeteleza kidoleni? Au ndiyo anaanza kutuacha? Miaka kumi na tisa ya kazi hii na sijui, kwa kweli sijui.

Fatsani kachuchumaa chini na daftari lake, kalamu mkononi. Ananiuliza: Madam, sasa tunafanya nini?