Urefu wa Mnazi Ulio Karibu

Jumatatu, 9 Februari 1948

Leo nimefanya kazi isiyotajwa popote katika barua yangu ya ajira. Nimekaa kwenye kiti cha Bwana Pelham, mkubwa wangu wa kazi. Barazani kwake kule Nyali, shingo nimeinyoosha, naye anachora mstari kwenye ramani kutoka macho yangu hadi Mji wa Kale ng'ambo. Miguu minne ya kiti imezungushiwa chaki. Mpishi ameonywa asikisogeze akifagia.

Ofisi yetu ya mipango inatunga sheria: lisijengwe jengo refu bara huku likaziba mandhari ya mji mkongwe. Mandhari kutoka wapi? Kutoka kiti kile! Mstari umepita juu ya Mkomani, na juu ya kiwanja changu. Nikamshikia rula.

Jumanne, 10 Februari

Usingizi haukuja. Nafikiria ghorofa ninayotaka kuiongeza juu ya nyumba yangu.

Masika ya mwaka jana maji yaliingia mpaka uvunguni. Mwanetu Dhahabu, na uchanga wake ule, akashikwa na kifua, nusura tumkose. Mke wangu Pascalia akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwa mamake kule Mtongwe. Alisema atarudi siku nitakapomwonyesha chumba cha juu. Yeye hakuolewa na bata.

Hapa hapasomwi na mtu, basi naandika: nawakosa. Nalala na kanga yake chini ya kichwa. Karani mzima.

Alhamisi, 12 Februari

Mkutano na wazee. Bwana akataja futi, mimi nikatafsiri, wazee wakatazamana. Kisha nikamwambia Bwana, kwa adabu zote, kwamba wenyeji hawapimi kwa futi, ila mnazi kila mtu anaujua. Kwa nini isiandikwe: jengo lisizidi urefu wa mnazi ulio karibu nalo?

Akapenda. Akaandika. Kufika saa sita ilikuwa fikra yake mwenyewe.

Sasa, mnazi wa Mwarandu mgema uko hatua sita kutoka ukuta wangu. Shamba ni la mwingine, mnazi ni wake, aliachiwa na babake. Mrefu! Mwarandu akiupanda kugema huona ni nani kaanika samaki Kilindini. Nyumba yangu haitafika hata kiunoni mwake. Nimejipongeza kwa chai ya tangawizi na mahamri matatu.

Jumamosi, 21 Februari

Sheria imepigwa muhuri na kubandikwa. Kila mwenye dari anatafuta mnazi. Mwarandu, ambaye juzi walimwita mlevi, jana kaamkiwa shikamoo na mwanamume wa rika la babake. Kaitikia marahaba bila haya.

Fundi Chengo ameweka boriti za ghorofa. Nimemwandikia Pascalia: njoo kabla ya Pasaka, chumba kina madirisha mawili.

Jumatano, 3 Machi

Kampuni fulani imeleta ramani ya jengo la ghorofa sita. Kule kisiwani, ubavuni mwa Mji wa Kale! Nikauliza kama mstari wa kiti haukuligonga. Bwana akasema umeligonga katikati kabisa. Je, halitaziba mandhari? Hapana, akasema, lenyewe litakuwa mandhari. Tena sheria ni ya huku bara tu.

Nikawatafsiria wazee waliokuja ofisini hayo yote bila kucheka. Mzee Kalama akauliza, basi na nyumba zetu zikiwa mbaya zaidi si zitakuwa mandhari pia? Hilo sikulitafsiri.

Ijumaa, 12 Machi

Leo Bwana amekaa mwenyewe kwenye kiti, na darubini. Kakaa sana. Kisha akasema haoni Mji wa Kale. Anaona minazi.

Ni karibu wiki tano tangu nikae pale. Mimi pia niliona minazi. Sikuulizwa nimeona nini.

Amri imetoka: ikatwe yote iliyo kwenye mstari. Barua nimeiandika mimi, kwa mkono huu huu. Nikathubutu kusema kwamba sheria yetu yapimwa kwa minazi, Bwana. Akajibu kwamba sheria imekwisha pigwa muhuri, haiguswi. Minazi haina muhuri.

Jumanne, 16 Machi

Wameukata. Ulipoanguka, sufuria zangu zililia ukutani.

Mwarandu kaukalia ule mgogo tangu asubuhi, kisu chake cha kugemea bado kiunoni. Nikampa pole. Akaniambia taratibu, "Mimi nina kisu, Karani, na kisu hiki hakijapata kuua mnazi. Yako ni kalamu."

Nikaingia ndani. Nimeona aibu, na sina wa kumwambia.

Alhamisi, 18 Machi

Mpimaji anakuja Jumatatu saa mbili. Nyumba itakayozidi mnazi wake itapunguzwa siku hiyo hiyo.

Mimi na Chengo tumezunguka na kamba kutafuta mnazi ulio karibu sasa. Hatukwenda mbali. Uko pembeni mwa ua wangu, hatua kumi na tisa. Haukukatwa kwa sababu hauzibi kitu. Ni wa Dhahabu. Alipozaliwa, bibi yake Nyamvula alizika kitovu chake pale, juu yake akapanda mche. Nimeupima mara mbili. Mara ya kwanza umenifika kifuani. Mara ya pili nilichuchumaa, ukawa bora kidogo.

Chengo kaupima kwa macho, kisha kaipima nyumba, kisha kavaa kofia yake. Akasema huu ukiondoka, unaofuata ni mnazi wa pili wa Mwarandu, nje ya mstari, wenye urefu wa nyumba mbili. "Ni kazi ya jembe moja, Karani. Mimi lakini sishiki."

Nikasema tutauhamisha. Akaniuliza, na kitovu je?

Jumamosi, 20 Machi

Nimemwuliza Bwana kama mnazi mchanga unahesabiwa. Kafungua sheria, kasoma polepole. Haikuandikwa mkubwa. Haikuandikwa mchanga. Imeandikwa ulio karibu. Akanisifu: sheria fupi, safi, haina mwanya.

Jumapili, 21 Machi. Jumapili ya Mitende

Kanisa halijapata kuona makuti mabichi tele namna hii. Watoto wameburura matawi marefu kuliko wao. Mchungaji kamshukuru Mungu kwa neema hiyo. Nilitazama viatu vyangu.

Baada ya ibada nimechukua jembe. Nimepiga mara nne, labda tano, kando ya shina. Udongo ni laini upande ule. Kisha nikasikia mkokoteni njiani — na sauti ya Pascalia ikimwambia hamali aangalie miguu ya kitanda.

Hakungoja Pasaka. Kavuka feri alfajiri, na mtoto, na kitanda. Nimekimbilia huku juu na jembe mkononi, daftari hili mfukoni, sijui kwa nini juu.

Chumba hakina paa. Namwona kutoka dirishani. Kaitazama ghorofa, kacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu masika yale. Machozi yamenitoka, naandika tu. Kisha kamshika Dhahabu mkono — anatembea! — akasema, twende kwanza ukausalimu mnazi wako, bibi kaagiza.

Wamesimama pale. Pascalia ameinama. Sasa ananiita, bila kupandisha sauti, "Baba Dhahabu. Nani kachimba hapa?"

Nimejibu ni kuku.

Hatufugi kuku. Nasikia anapanda ngazi, na jembe ninalo hapa.