Nandudu Anasoma Midomo

Afande, mwalimu wangu,

Sasa niko Mbale, nafundisha darasa la tano, na nimepanga chumba Namakwekwe. Yule Akello wako wa shule ya kambi ya jeshi Jinja, mwenye mguu wa polio, leo anaitwa Madamu! Ungecheka mpaka ukohoe. Tangu tukuzike, mkeo bado yuko Wanyange, anakaanga samaki na kuwagombeza wateja kama alivyokugombeza wewe.

Nina mwanafunzi, Nandudu, asiyesikia vizuri. Wenzake walizoea kumchezeshea midomo bila sauti, ili adhani masikio yake yamekufa kabisa. Kiongozi wao alikuwa msichana aitwaye Wanyenze. Nilipogundua, niliwafokea wote paredini, mbele ya shule nzima. Kosa, Afande. Kesho yake wakamwita Nandudu mchongezi, akawa anakula peke yake. Iliniuma sana.

Ndipo nikakukumbuka. Siku ile wenzangu waliponifichia mkongojo chooni, kiboko ulikuwa nacho mkononi, lakini uliniita kando ukauliza, "Akello, wewe mwenyewe unataka nifanye nini?" Kabla yako, mtu mzima alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Hajawahi.

Basi nikamuuliza Nandudu. Akasema, "Madamu, wewe unaongea huku umetupa kisogo, unaandika ubaoni. Mimi sipati kitu." Aibu ilinishika! Halafu akaomba aongee na darasa mwenyewe. Akasimama. "Mimi nasoma midomo. Wanyenze, Jumatatu ulisema Madamu anatembea kama bata."

Macho yote yakanigeukia. Nilicheka mimi wa kwanza, Afande, mpaka machozi.

Baadaye niliketi na Wanyenze, sisi wawili tu. Nilimwambia wazi kwamba ule si mchezo, ni mateso, na lazima ukome. Kumbe anarudia darasa. Aliogopa asipomcheka Nandudu watamcheka yeye. Alikwenda kuomba radhi bila kusukumwa. Siku hizi wanakaa dawati moja, na nikisahau nikaongea na ubao, Wanyenze anagonga meza: "Madamu, uso!"

Si wote wameacha. Wawili bado nawafuatilia, na wazazi wao nimewaita. Lakini Nandudu anakula na wenzake, na kelele zake zinashinda za wote.

Muhula ujao tunapokea msichana asiyeona. Walimu wenzangu wanaulizana tutamwezaje. Hata mimi sijui, Afande. Nakuahidi tu kwamba siku ya kwanza, kabla ya kengele, nitaketi naye nimsikilize.

Pumzika vyema, mwalimu wangu.

Akello