Tangazo Chini ya Picha ya Bibi Stanka

Jumatatu, 6 Oktoba

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa mbele ya duka. Mkutano wa kutoa maoni, mpango wa maendeleo ya mkoa, Jumamosi saa tano asubuhi, ukumbi wa kijiji. Vituo vidogo vya treni vitafungwa, na chetu kimo. Metodi wangu anakwenda mjini kwa treni kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, figo zimekataa. Basi lilishakufa zamani. Treni nayo ikikoma, mume wangu — siandiki.

Nimemwambia tutasema, watatusikia. Akacheka. Eti mara ya mwisho yeye kusikilizwa ilikuwa jeshini, na akapewa adhabu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tangazo halionekani! Juu yake wamebandika karatasi ya arobaini ya Bibi Stanka, na picha yake ya kitambaa kichwani. Ubao ni mmoja, na kila marehemu ana karatasi zenye picha yake, ya msiba, ya arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka. Sisi tulio hai tunabanana pembeni.

Niliinua mkono niibandue. Mkono ukagoma. Karatasi ya marehemu haing'olewi na mtu, tunaiachia mvua.

Nikamwendea Tsvyatko, mwanawe, nikamwomba aisogeze kidogo tu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada Rumyana, mama alikukosea nini?"

Nilipofika nyumbani ndipo akili ikanijia. Arobaini yenyewe ni Jumamosi. Saa tano. Makaburini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jana nimepita nyumba hadi nyumba. Wote jibu moja: kwanza Stanka, wakimaliza watakuja. Ningewalaumu vipi? Mimi mwenyewe nimechemsha ngano ya kugawa kaburini, nikampa Metodi aipeleke.

Ukumbini viti vimepangwa hadi ukutani. Maofisa watatu, na mimi. Mmoja wao, binti aitwaye Kalina, mpole sana, akaeleza kuwa walichagua Jumamosi makusudi ili wafanyakazi wapate nafasi. Nikawasimulia habari za Metodi. Akaandika. Kisha akauliza kama nasema kwa niaba ya kijiji au yangu binafsi. Nikamjibu kijiji kiko makaburini.

Mkubwa wao akatabasamu, wala si kwa ubaya. "Hata takwimu zetu zinasema hivyo, mama."

Watu wamefika gari la maofisa likikata kona kuondoka. Tsvyatko kanishikisha ngano ya mamake kwenye kikombe. Nikasema Mungu amrehemu, nikala. Ilikuwa tamu, na nilikuwa na njaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Muhtasari wa mkutano umetoka. Wananchi walishirikishwa. Pingamizi moja, la binafsi. Treni mwisho Desemba.

Nimempigia Kalina. Kasema ameumia sana, lakini muda wa maoni umekwisha. Naamini kweli ameumia. Haisaidii.

Tsvyatko alikuja, akakaa. Alijitolea kumpeleka Metodi kwa gari lake siku atakazoweza. Gari lenyewe haliwaki bila kusukumwa.

Metodi anasema aanze kupunguza sasa, aende mara mbili kwa wiki, mwili uzoee. Kana kwamba ni sukari kwenye chai! Nimemfokea. Akaingia chumbani.

Sasa hivi ameniuliza ile picha yake nzuri iko wapi, ya jeshini. Nikamwuliza ya nini. Namsikia anafungua droo —