Mama, Meno Yako Yalikuwa Mazima

Mama,

Tangu tulipokuzika kule Yanonge sijakuandikia. Leo nina hasira, na sina mwingine wa kumweleza.

Wiki iliyopita alikuja kliniki yetu ya meno mama mmoja muuza samaki wa Isangi, shavu amelifunga kitambaa. Mdomo ulifunguka kidogo tu, kijiko kinapita kwa shida. Docteur mkuu wetu akachungulia, akasema, "Gego la nyuma. Tunang'oa." Nikaomba nimpime kwanza. Niligonga meno yake moja moja, hakushtuka. Nikaweka vidole mbele ya masikio, nikamwambia afungue polepole. Kiungo cha taya kikalia, ka! Akafumba macho.

"Iko hapo, docteur," akaniambia. "Haiko jino."

Mama, sauti ile naijua. Nilikuwa ningali sekondari, wewe unatafuna kwanga, ule mkate wa muhogo, mezani, taya linalia hivyo hivyo, papa anakutania kwamba unakula mawe. Halafu maumivu yakaanza. Wakang'oa jino, maumivu yakabaki. Wakasema labda ni jirani yake, wakang'oa na hilo, na lingine tena. Ulikuwa unarudi umeshika shavu: "Docteur amesoma, mutoto yangu, mimi nijue nini?" Kwanga ukaiacha. Hata siku nilipopewa diplôme yangu ya udaktari wa meno ulicheka umefunika mdomo kwa mkono.

Na hiyo diplôme! Kiungo cha taya tulikipitia mbio mbio mwisho wa mwaka, basi. Kung'oa na kuziba, hayo ndiyo tulifundishwa mpaka tukachoka. Nikiwauliza wenzangu kwa nini tunang'oa tu, wananijibu, "Bon, ukitoa jino, angalau mgonjwa anaona umefanya kazi."

Docteur aliniuliza mbele ya mgonjwa, "Wewe sasa uko unanifundisha kazi?" Nikasema, huyu hang'olewi leo. Akatupa glavu, akatoka.

Nilimwonyesha yule mama kukanda shavu kwa kitambaa cha moto, kula vyakula laini, kutopiga miayo mikubwa, kuzoeza taya taratibu. Leo asubuhi amerudi. Bado anaumwa, lakini mdomo unafunguka, na usiku analala. Nikafurahi. Kisha akaniuliza, "Na yale meno mawili walinitoa mwaka jana, docteur?"

Nilitazama dirishani, nikakuona wewe, umeshika shavu.

Docteur mkuu anasema ni bahati tu. Mchana huu nimemsikia chumba cha pili akimwambia mgonjwa mwingine afungue mdomo, anang'oa. Nikaenda nikagonga mlango. Hakufungua.

Kesho nitagonga tena. Wanafunzi wakija kwa stage, kujifunza kazi kwetu, nitashika vidole vyao niviweke mbele ya sikio la mgonjwa, wasikie wenyewe kabla ya kushika koleo. Nakuahidi hilo, mama, hata wakinifukuza.

Pumzika sasa. Huko usifunike mdomo.

Binti yako,
Béa