Fimbo ya Pili

Al-Safa, Jeddah
14 Juni

Mama yangu Jerusha,

Salamu zangu nyingi zikufikie hapo Malava, na natumai zitakukuta umeketi, si umeinama shambani. Goti linaendeleaje? Norman aliniambia kwamba umeanza tena kwenda kanisani kwa miguu. Nilifurahi, ingawa namjua ndugu yangu: hunipa habari nzuri tu ili nisilale na mawazo. Mimi ni mzima. Joto la Jeddah limeshaanza kutuchoma, ila ndani ya nyumba tunakaa kwenye baridi ya mashine hadi navaa sweta.

Barua hii anakuletea Maryann, dada wa Kakamega anayefanya kazi nyumba ya jirani, ambaye anakuja likizo. Ningeweza kupiga simu. Lakini nina jambo la kukuomba, na kwenye simu utalikata kabla sijafika katikati, kama ulivyofanya mwezi uliopita mara tu niliposema neno nyoka. Tangu Baba atutoke neno hilo halitajwi nyumbani kwako, nami nimekutii. Leo niwie radhi, nitalitaja.

Nilikwambia kwamba madam wangu, Hanan, anafundisha biolojia chuo kikuu. Sikukwambia kwamba kazi yake hasa ni mijusi, vyura na nyoka. Mwezi wa nne familia ilikwenda likizo kisiwa cha Kipro, jina unalolijua kutoka kanisani, wakanichukua niwaangalie watoto. Kumbe watoto hawakunihitaji sana, maana walishinda na baba yao kwenye bwawa la kuogelea. Madam hakutaka kutembea vilimani peke yake, akasema kama kweli nilisomea ualimu wa biolojia, basi yalla, twende, nivae viatu vigumu. Nilipompigia Maryann kumweleza, alicheka hadi akakohoa. Akasema nimetoka kwetu kuja kufagia sakafu za watu, sasa natembezwa Ulaya kuhesabu vyura, na nikirudi nisisahau kudai nyongeza.

Mwanzoni niliogopa hata nyasi. Biolojia niliyoijua ni ya kupasua chura aliyekwisha kufa mezani. Madam alinifundisha kuinua jiwe kwa kushika ukingo wa mbali, ili jiwe lenyewe liwe ngao kati yako na aliyelala chini yake, halafu kulirudisha taratibu kama lilivyokuwa, kwa sababu ni paa la mtu. Nikilirudisha vibaya alikuwa ananirudisha mimi. Tulikuta mijusi inayotikisa vichwa juu ya kuta za mawe kama wazee wanaokubaliana na mhubiri. Tulimkuta kinyonga kwenye mzeituni. Siku moja madam aliniwekea kiganjani chura wa kijani, mdogo kama ncha ya kidole gumba, nikahisi moyo wake ukinipiga ngozi. Mama, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimefua na kupiga pasi mwaka mzima nikidhani akili yangu imelala. Ilikuwa inasubiri.

Lakini madam hakuja kwa ajili ya vyura. Kwa majira kadhaa amekuwa akirudi kisiwani kumtafuta nyoka mmoja wa maji, mweusi, asiye na sumu, ambaye watu waliwahi kudhani ameisha kabisa. Hajawahi kumwona. Asubuhi moja tulifika kwenye bwawa la kunyweshea mashamba. Yeye akazunguka upande wa pili wa matete, mimi nikabaki na fimbo aliyonipa ya kupimia tope.

Nyoka akanijia mimi. Alitoka majini polepole, mweusi, akapita karibu na kiatu changu.

Mkono wangu haukuniuliza. Nilipiga kama mlivyotulea: kwanza kiuno asikimbie, kisha kichwa, wala usiache mpaka kichwa kiwe unga. Fimbo ya kwanza ilimkosa ikazama topeni. Nikaichomoa, nikainua tena. Hapo nyoka akapinduka chali. Kinywa kikabaki wazi, ulimi ukalegea pembeni, na harufu kama ya kitu kilichooza ikatoka.

Nikamwona Baba. Nilimwona vile alivyolala kwenye mkeka sebuleni, jiwe jeusi la kunyonya sumu limefungwa kifundoni mwa mguu, kinywa wazi. Unakumbuka, Mama, kwamba sisi sote tulikuwa nje? Nyoka aliyemuuma alikuwa amekufa zamani na bado tulikuwa tunampiga, watoto kwa watu wazima, tukishangilia. Ndani mlikuwa wawili tu, Baba na wewe.

Fimbo ya pili haikushuka.

Madam alikuja akikimbia, abaya imejaa miiba. Nililia nikamwambia nimemuua mnyama wake. Akamtazama, akasema halas, halas, yaani basi, basi, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akaketi topeni na kunivuta sketi niketi pia. Tukangoja bila kusogea. Baada ya muda nyoka akafunga kinywa. Akainua kichwa kidogo kama mtu anayechungulia kama wageni wameondoka, akajigeuza, akaingia majini. Madam alinieleza kwamba ndivyo alivyo: akizidiwa, hujifanya maiti. Alikuwa anatokwa na machozi na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba siku nyingine nikiinua fimbo juu ya nyoka wake, nitarudi Jeddah kwa kuogelea.

Garini nilimsimulia habari za Baba. Aliniuliza nyoka yule alikuwaje. Nikamwambia ni mnene, mfupi, mwenye michoro kama mkeka, asiyekimbia mtu. Akasema anamjua, na kwamba hata milima ya kusini mwa nchi yao anaishi.

Mwezi uliopita alikuwa na kazi Riyadh, kwenye maabara wanakotengeneza dawa ya sumu ya nyoka, akaniomba nifuatane naye. Kwanza tulipitia soko la Al-Dirah, ndiko nilikokununulia shela hiyo ya zambarau. Muuzaji aliapa ni ya Kashmiri, lakini aliapa haraka mno. Halafu tukaenda maabara. Nyuma ya kioo alikuwapo kifutu. Yule yule, Mama. Nilisimama mbele ya aina iliyotuchukulia Baba, na yeye amelala tu kama kamba nene iliyosahauliwa. Mtu mmoja alimshika nyuma ya kichwa akamng'atisha kikombe, matone machache ya manjano yakateremka. Matone hayo hupewa farasi kidogo kidogo, na katika damu ya farasi ndimo dawa hutoka.

Niliuliza lile swali ambalo nadhani nawe umelibeba miaka yote. Wakanijibu kwamba dawa ikimfikia mtu mapema, wengi hupona, na kwamba jiwe jeusi halinyonyi kitu. Sikuandikii haya kukulaumu. Ulifunga jiwe kwa sababu ndilo lililokuwapo. Zahanati haikuwa na dawa. Lile kabati tupu ndilo ninalolikasirikia.

Sasa ombi langu. Kuna kituo huko kwetu Kenya kinachofuga nyoka kwa ajili ya dawa hiyo, tena kinawafundisha wauguzi wa vijijini kuitumia. Kinachukua wanafunzi wa kazi waliosoma biolojia. Madam aliniandikia barua ya kunisifu, wakanihoji kwenye kompyuta, wakanichukua. Naanza Septemba. Kafili wangu, baba wa nyumba hii, amekubali kuniachia. Alisema mafi mushkila, hakuna shida, ingawa watoto wamenuna. Najua ulinisemea kwa mwalimu mkuu hapo kijijini nipate darasa, na nakushukuru.

Nimeandika hapa kwamba naomba ruhusa yako, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sijakuzoesha uongo, nisianze leo: nimeshatia sahihi. Siombi ruhusa, Mama. Naomba baraka. Usiponipa nitakwenda, lakini nitakwenda kama mtu aliyeacha mlango wazi nyuma yake.

Nitakuja nyumbani kwanza, mwezi wa nane. Nikemee wiki nzima ukitaka, nitakusikiliza. Ukimaliza, nipeleke mahali pale kwenye miwa Baba alipoumwa. Tangu siku ile tunapazunguka kwa njia ya mbali, na sijawahi kuthubutu kukuuliza ni wapi hasa. Nataka tupite hapo mchana, wewe na mimi, polepole kwa sababu ya goti lako.

Msalimie Norman, na shangazi Rispah na kwaya yake yote. Maryann mpe chai ya maziwa halisi, maana ya hapa ameichoka. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Celestine