Springi ya Mama Mkwe

...ndiyo maana simu ile niliikata ghafla, Dada Rohayu. Mama mkwe alikuwa ameingia. Lakini nimeanza vibaya. Asalaam aleikum kwanza. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Magoti ya mama je? Sisi huku Taiping ni wazima, mvua haikati, na Fakhrul wangu bado ananiletea karanga za kuchemsha kila akitoka kufundisha, kana kwamba harusi ilikuwa jana.

Uliuliza kilichonishtua. Ni springi aliyoingia nayo mama mkwe, ile ya kutundikia saruni ya kulazia mtoto, iliyombembeleza Fakhrul mwenyewe. Mama mkwe alitaka kumpa jirani, Mak Som, ambaye bintiye anakaribia kujifungua. Mimi sikutaka itoke, na sababu sikuweza kuisema. Nikadai huenda imelegea, tuipime kwanza.

Dada, kumwambia mwalimu wa fizikia apime kitu ni kumwonyesha paka samaki. Akaitundika kwenye boriti pamoja na saruni yake, akaanza kuivuta. Mama mkwe akamkemea toka jikoni: we Fakhrul, umesoma mpaka chuo kikuu na bado unabembeza pembea isiyo na mtoto, unamtafutia nani mkosi? Nikakimbilia cha kutia ndani. Nikarudi na mchele, kilo tatu.

Fakhrul akauvuta chini, akaniuliza kazi aliyoifanya imekwenda wapi. Nikasema imepotea. Akacheka, akasema springi imeitunza. Akauachia, mchele ukapanda. Na ukiivuta springi umbali mara mbili, akasema, akiba yake haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Uso wake uling'aa hata nikatamani kuolewa naye upya.

Kisha akataka kuongeza sukari ili uzito uzidi. Nikasema hapana, kilo tatu zinatosha. Nilisema haraka mno. Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi, akautazama mchele, akanitazama mimi. Akasema mwenye hofu ya springi kulegea angetundika gunia. Huyu mkwe wangu, akasema, amepima uzito wa mtoto mchanga. Akamwita Mak Som dirishani: shoga, binti yako nitamnunulia mpya, hii imepata mwenyewe. Mak Som akajibu, nilijua tu, siku hizi mkweo akinusa tunda la durian anakimbia.

Fakhrul bado alikuwa anatazama mchele ukipanda na kushuka. Mama yake akamgonga bega kwa mwiko. Ndipo akaelewa, na mwalimu mzima akaketi sakafuni.

Ndiyo, dada yangu, nina mimba. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, lakini mchele ulinitangulia.

Mwambie mama polepole. Msalimie shemeji, nibusie watoto. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, na mchele huo tutakuja nao tuupike huko, maana hapa Fakhrul haruhusu mtu kuugusa.

Mdogo wako akupendaye,
Izzati