Waya wa Trekta

Baba watoto,

Sisi hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri. Nyasi za ng'ombe tumeshazikata, bado kuzifunga marobota kabla mvua haijatuwahi.

Trekta ndilo lililonitoa jasho. Fundi alitaka kuukata ule waya uliofungia wewe bomba la moshi siku unaondoka, aweke bolti mpya. Nikamkatalia kila alipokuja. Mama yako akanicheka: "Mwanangu, si waya tu huo, tena una kutu?"

Jana umekatika wenyewe katikati ya shamba. Bolti imefungwa, trekta linakwenda kimya. Vipande vya waya nimevifunika kwa shati lako kabatini.

Ulisema waya utashika mpaka urudi. Umeshika misimu mitatu. Waya siulaumu.

Ni mimi mkeo, bado.